Nyuki wa Mlangoni kwa Mihambo

Nyuki hahamishiwi uani. Mmeisikia juzi kwa mama zenu jikoni, wakacheka wao, mkacheka na nyinyi, kisha mmekuja kuniuliza nyuki na ua wapi na wapi. Kaeni basi. Methali hii ina kwao, na ilianza hivi.

Huko Unyamwezi aliishi Mihambo, mtu mcheshi aliyependa asali kupita kiasi. Binti yake, Nyamizi, alikuwa amechumbiwa na kijana wa kijiji cha jirani, naye alimpenda hasa. Tatizo ni kwamba nyuki walikuwa wamefanya makao ukutani, juu ya mlango wa mbele. Mshenga alipofika mara ya kwanza, walimkimbiza hadi mtoni, akarudi kwao jicho moja limefumba. Baba wa kijana akatuma neno: "Tutakuja mara moja tu, na mahari mkononi. Tukifukuzwa tena, tutajua nyumba hiyo haitutaki." Tangu siku hiyo Nyamizi hakuwa na hamu ya chakula.

Siku moja kabla ya ugeni, Mihambo alimwita Kasonta, mrina asali, mtoto wa shangazi yake. Hawa wawili walikuwa watani wasiosameheana. Kwenye mazishi ya baba yake Mihambo, Kasonta alishuka kaburini akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Kwa hiyo lolote alilosema, Mihambo alilipokea kwa kicheko.

Jua lilipotua na nyuki wote kurudi, Kasonta alipuliza moshi taratibu, akabomoa udongo kidogo, akakata masega na kuyafunga kwa kamba za magome ndani ya mzinga mpya. Akamtafuta malkia kwa subira, akamtia humo. Wengine wakamfuata kama watu waliosikia kwamba chakula kimeiva. Kisha akaliziba tundu la ukutani.

"Sasa naupeleka ng'ambo ya mto, porini kabisa," akasema.

"Ukaile asali yangu peke yako?" Mihambo akacheka. "Uweke uani, nyuma ya jiko."

"Binamu, nyuki hahamishiwi uani. Kesho watarudi mlangoni."

"Ehee! Mzee wa jogoo ameanza!"

"Safari hii sitanii."

"Ndivyo unavyosema kila ukitania."

Kasonta akaguna, akauweka mzinga uani, akaenda zake.

Kulipokucha, Mihambo alikuwa akifagia mlangoni huku akiimba, nyuki mmoja akatua ukutani. Akaja mwingine. Muda si muda ukuta ukawa mweusi. Walikuwa wametoka kwenye maua, wamerudi kulitafuta tundu lao, na kulikuta limezibwa kuliwaudhi vibaya. Mihambo akaiona ndoa ya mwanawe inavunjika, na mvunjaji ni yeye. Moyo ukamwuma. Alikimbia kwa Kasonta bila viatu.

"Binamu, wamerudi! Na wakwe wako njiani!"

Kwa mara ya kwanza Kasonta hakumcheka. Alichukua kijinga chake cha moshi, akaurudisha mzinga palepale chini ya tundu la zamani. Nyuki wakaanza kuingia, lakini kwa kujivuta, na sauti za wageni zilikuwa zimekwisha kusikika.

"Hapa mbele hapapitiki mpaka jioni," Kasonta akasema. "Wapitishe uani."

"Wakwe? Niwapitishe penye masizi na majivu? Si nitakuwa nimewatukana!"

"Basi chagua, majivu au miiba."

Mihambo akawawahi wageni njiani, akawazungusha nyuma huku jasho likimtoka, akawaeleza kila kitu bila kujitetea. Mama wa kijana akatazama jiko, akatazama kuku, kisha akavuta kigoda akaketi karibu na moto.

"Mgeni ndiye hupitishwa mbele," akasema. "Anayeingilia uani ni wa nyumbani. Nyamizi, mwanangu, hebu lete huo mwiko nikusaidie."

Nyamizi akacheka, machozi yakamtoka. Mahari ikapokelewa hapohapo, kando ya chungu.

Jioni, nyuki wote walipokuwa ndani, Kasonta aliuziba mdomo wa mzinga kwa majani. Mihambo mwenyewe ndiye aliyeubeba kichwani kuupeleka ng'ambo ya mto, na njia nzima alikuwa akinung'unika.

"Malkia wao alikuwa uani, masega yao yalikuwa uani. Walirudi mlangoni kufuata nini?"

"Njia," Kasonta akajibu. "Nyuki hushika njia aliyoizoea. Ukimsogeza kidogo, njia ya jana bado anaiona, na ataifuata tu. Mpeleke mahali asikojua njia hata moja, ndipo atajifunza mpya."

Mihambo alikuwa wa kwanza kulieneza neno hilo, akijicheka mwenyewe. Ndiyo maana hadi leo, mtu akiapa kuacha pombe kisha akapanga chumba nyuma ya kilabu, watu hawabishani naye. Humsaidia kubeba godoro, wakamtakia heri, na wakiwa njiani kurudi huambiana: nyuki hahamishiwi uani.