Mkeka Uliomshinda Bi Kazija

"Mkeka wa sifa haulaliwi." Mmemsikia shangazi yenu akiyasema maneno hayo, nanyi mkaniuliza yametoka wapi. Yalitoka kijiji cha Shumbani, kwa mwanamke aliyeitwa Mwanakheri, na mambo yalikuwa hivi.

Mwanakheri alikuwa msukaji wa mikeka. Akikaa barazani na ukindu wake, huimba kwa sauti ya chini, na rangi zikafuatana zenyewe. Mara nyingi hakujua mkeka utakuwaje mpaka umalizike. Watu waliilalia mikeka yake, wakaiswalia, wakaianikia mpunga, wala hakuna aliyemtaja.

Siku moja kulikuwa na harusi kwa tajiri mmoja, na bibi harusi akaketishwa juu ya mkeka wa Mwanakheri. Mwanakheri mwenyewe alikuwa uani akipakua pilau. Akasikia mgeni akiuliza, "Nani kasuka huu? Mkono huu si wa kawaida." Neno lile lilimwingia, likakataa kutoka.

Tangu hapo hakutulia. Akisuka kidogo, hubeba kazi yake nyumba kwa nyumba. Huyu akisema nyekundu imezidi, hufumua. Yule akisema mkeka umepooza, huirudisha nyekundu. Akisikia jirani yake Raya amesifiwa, hupita barazani kwa Raya akijifanya ana safari, macho kwenye kazi ya mwenzake. Kuimba kukakoma. Kisha ikatangazwa kuwa kutakuwa na maonyesho ya kushindanisha mikeka mjini, na usingizi nao ukakoma.

Mama yake mzazi, Bi Kazija, aliyekuwa akiishi naye, akamwambia, "Mwanangu, mkeka wangu umechanika. Kamba za kitanda zinaniumiza mbavu. Nisukie wowote tu."

"Subiri, mama. Nimalize huu wa maonyesho."

Huo wa maonyesho ulifumuliwa na kusukwa upya hata ukindu ukaanza kukatika. Mwisho akautia nyuzi za zari zinazong'aa, akaushona maradufu ili usimame vizuri ukitundikwa. Ukashinda. Watu wakampongeza, naye akarudi nyumbani akiwaza ni nani ambaye hakumpongeza.

Alimkuta mama yake amelala juu ya mkeka mpya.

"Kaniletea Raya," alisema Bi Kazija.

Mwanakheri akauondoa, akatandika wake. "Lalia huu, mama. Huu ndio ulioshinda yote."

Bi Kazija akalala, asitake kumvunja moyo. Akageukia huku, akageukia kule. Zari ikamkwaruza, mishono ikamfinya. Hatimaye akaketi.

"Unauonaje, mama?"

"Mzuri. Utundike, wauone watu."

"Kwani haulaliki?"

"Mkeka wa sifa haulaliwi, mwanangu. Nirudishie ule."

Mwanakheri akaenda kukaa barazani, akachukua ukindu ili aanze mkeka wa mama yake. Vidole havikusogea. Akajikuta anatazama njiani, labda atapita mtu wa kumwambia aanze na rangi gani. Hakupita mtu. Alikaa vile mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo akashika jani lililokuwa karibu, akaanza.

Alisuka tena, na mama yake akaulalia mkeka huo. Lakini waliomjua walisema kwamba mpaka uzeeni mkono wake ulikuwa ukisita ghafla, na kichwa kikainuka kutazama kama kuna anayemwona. Ndiyo maana fundi akianza kufanya kazi huku akichungulia nyuso za watu, sisi humwambia: mkeka wa sifa haulaliwi.