Bega la Mama Owiti

Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika Mogogosiek, na majani ya chai yaling'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Chepkemboi aliketi kwenye meza ya jikoni, brashi mkononi, ulimi ukichungulia pembeni mwa midomo kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Alikuwa akitengeneza kitabu cha picha cha kumuaga Eddah Adoyo, mama aliyechuma chai katika shamba kubwa la jirani tangu ujana wake. Kitongoji kizima kilimwita kwa jina la mwanawe, Mama Owiti. Sasa alikuwa amestaafu, na alikuwa akirudi kwao, Sondu.

Chepkemboi hakuwa mtu wa kusahau fadhila. Mamake, Chelimo, alifariki yeye akiwa ndio kwanza anaanza shule. Mtoto alisusia chakula chote akitaka mursik, maziwa ya kibuyuni, kama aliyoyatengeneza mamake. Babake, mzee Kiptum, alishika tama asijue la kufanya. Ndipo Mama Owiti, mtu wa ziwani ambaye hakuwahi kushika kibuyu cha Wakipsigis, alipofunga safari hadi Merigi kwa nyanya ya mtoto, akafundishwe kukisugua kwa kijinga cha moto. Vidole vilimwungua. Maziwa ya kwanza yaliharibika, na ya pili yakanuka moshi mtupu. Hakukata tamaa. Siku mtoto alipokunywa kikombe kizima na kuomba kingine, mzee Kiptum alitoka nje ili asionekane akifuta machozi.

Fadhila kama hiyo hailipwi kwa leso ya dukani. Kwa hiyo Chepkemboi alikusanya picha za zamani, akazibandika kwenye kurasa nene, na pembeni mwa kila picha akachora kwa rangi za maji. Rafiki yake Winny, aliyeuza kadi za harusi mjini Kericho, alimpa kichupa cha majimaji ya mpira yenye harufu kali. Mahali yalipopakwa yakakauka, rangi haikupenya. Ukiyasugua baadaye kwa kidole, yalibanduka kama ngozi nyembamba na kuacha weupe safi wa karatasi. Kwa njia hiyo Chepkemboi alipata maua meupe ya chai na ukungu wa alfajiri.

"Ila usiyaharakishe," Winny alimwonya. "Yaache yakauke yenyewe, na rangi pia ikauke. Na usiyapeleke karibu na moto, dada. Yatakusaliti."

Ukurasa uliokuwa mbele yake siku hiyo ndio uliokuwa moyo wa kitabu. Ulibeba picha ya pekee ya Chelimo na Mama Owiti wakiwa pamoja, vikapu mgongoni, wakicheka katikati ya majani ya chai. Rangi ilikuwa bado mbichi simu ilipolia. Alikuwa Owiti.

"Lori limepatikana mapema," alisema. "Tutamuaga Mama kesho."

Chepkemboi alikata simu. Aliutazama ukurasa, akalitazama jiko la makaa. Mara akauinua ukurasa na kuuweka juu ya joto. Rangi ilikauka upesi, naye akafurahi. Lakini alipoanza kusugua, majimaji yale yalikuwa yameng'ang'ania karatasi kama kupe na mkia wa ng'ombe. Akavuta. Karatasi ikachanika, ukachanika pia upande wa picha. Uso wa Mama Owiti ulisalimika, lakini bega lake lilitoka lote.

Alilia, kisha akampigia Winny.

"Bandika ua la karatasi hapo juu, uende na kitabu," Winny alimshauri. "Nani atajua?"

"Nilifiche bega lake kwa ua?" Chepkemboi alijibu. "Bega hilo ndilo lililonibeba. Heri nichelewe."

Kesho yake uwanja wa kanisa ulijaa watu hadi pomoni. Watu walitoa blanketi, sufuria, na hata jogoo aliyefungwa miguu. Chepkemboi alisimama mikono mitupu. Jirani mmoja, Janefer, akauliza kwa sauti, "Na huyu aliyelelewa kama mwana, ameleta nini?"

Uso wa Chepkemboi uliwaka moto. "Mama Owiti," alisema, "zawadi yako bado haijakauka."

Watu waliangua kicheko. Mama Owiti hakucheka. Alimshika mkono akasema, "Basi nitaingoja, nyathina. Mtoto wangu hanidanganyi."

Lori liliondoka. Chepkemboi alirudi mezani, na safari hii hakuwa na pupa. Aliikata picha kwa uangalifu, akaibandika kwenye ukurasa mpya, kisha akalichora bega lililopotea kwa rangi za maji, sweta ya buluu ikitoka kwenye picha na kuendelea kwenye karatasi. Alipaka, akangoja, akapaka tena, akangoja tena. Ukurasa wa mwisho aliupaka rangi ya kijani kibichi, akaacha yale majimaji ya mpira yakiwa yamekauka chini ya rangi bila kuyabandua.

Jumamosi moja alishuka Sondu. Mama Owiti alimkaribisha sebuleni, akafungua kitabu taratibu. Alipofika kwenye picha ile alisita, akapitisha kidole begani mwake.

"Hapa nimechorwa."

"Nilikuharibu kwa haraka," Chepkemboi alikiri. "Nikakutengeneza polepole."

"Umenitengeneza vizuri kuliko nilivyokuwa," mama alicheka. "Siku ile ya kuagana sikuona kitu. Watu, matarumbeta, lori likipiga honi! Ungenipa siku ile, ningekitia guniani pamoja na sufuria. Leo nimekiona."

"Bado ukurasa mmoja. Sugua hapo."

Mama Owiti alisugua kwa vidole vyake vilivyokomazwa na chai. Ngozi ile nyembamba ilibanduka kidogo kidogo, na katikati ya kijani herufi nyeupe zikajitokeza: MAMA YANGU. Miaka yote hiyo Chepkemboi alikuwa amemwita Mama Owiti, kama watu wote. Mama alisoma kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akamvuta kifuani.

Ama kweli, wahenga hawakukosea waliponena: kawia ufike.