Makoti Saba ya Tamasha

Fundi alikuwa akifumua kola ya koti la tatu. Wembe ulipita chini ya uzi taratibu, mshono ukaachia kidogo kidogo, naye akapuliza vinyuzi kana kwamba anamtoa mtoto vumbi jichoni. Mezani makoti mengine manne yalisubiri zamu yao, meusi, yenye vifungo vya kung'aa, yote sawa kama mayai ya kuku mmoja. Kufanana huko ndiko kulikomponza.

Zamani binti yake alikuwa akitoka shule anapitia karakanani kumsimulia habari za darasa zima: nani kagombana na nani, nani kapatana. Kisha nyimbo za Korea zikaingia nyumbani. Binti akawa mtu wa chumbani, simu mkononi, akitazama kundi la vijana saba wanaoimba na kucheza.

"Hao wapiga kelele wako hawachoki?" fundi alizoea kumtania. Lakini utani ukizidi huota miiba. Mazungumzo yalipungua hadi yakabaki shikamoo na marahaba, na fundi akawa anamkumbuka mwanawe ilhali wanakaa chini ya paa moja.

Basi aliposikia kwamba binti na wenzake sita watacheza wimbo wa kundi lile kwenye tamasha la shule, aliona njia ya kumrudisha karibu. Akaomba vipimo kwa mwalimu wao, akashona siku nne mfululizo bila kumwambia mtoto neno.

Binti alipoyaona makoti alisema, "Asante sana, Baba," kwa adabu ya mtu anayemshukuru jirani aliyemwazima mwavuli. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

"Kosa langu nini?" fundi akamuuliza mkewe.

"Mume wangu, umeshona sare za walinzi wa benki."

"Koti si koti?"

"Mteja akikuletea kitambaa, hukikati mpaka umuulize anakwenda wapi nacho. Mwanao ulimuuliza nini?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko sindano. Fundi akaenda kubisha mlango wa binti yake.

"Mwanangu, nionyeshe hao vijana wako."

"Ili uwacheke?"

"Nikicheka, nitoe nje."

Binti alikuwa amekaa mkekani, simu kaiegemeza kwenye rundo la vitabu. Hakumletea baba kiti. Fundi akajishusha, magoti yakilia kama kuni kavu, mpaka bega lake likawa usawa wa bega la mtoto.

"Huyu ndiye kiongozi. Huyu ndiye mdogo wao. Huyu mrefu anaitwa..."

"Majina polepole, mama yangu. Hebu rudisha mwanzo."

Waliitazama video mara nne. Kwa majina fundi alikuwa mzito, kwa mishono alikuwa mwepesi. Kitambaa kilikuwa kimoja, lakini kila koti lilikuwa na lake: la kiongozi lilikuwa na kola ya kusimama, la mdogo wao mikono ilimeza viganja, la yule mrefu lilikatiwa juu ya kiuno.

"Na huyu anayerukaruka kawekewa kipande kwapani," alisema akigusa kioo. "Bila hicho, mkono ukipanda, koti zima linapanda nao."

Binti akaisogeza simu karibu. "Jamani, Baba! Mwaka mzima nawatazama, sijaliona hilo! Na mimi ndiye ninayecheza nafasi yake!"

"Basi lile nililokushonea lingekufunga mikono jukwaani. Nisamehe. Nilikata kabla ya kuuliza."

"Ningekwambia mapema. Niliogopa utasema ni kelele."

"Kelele zenyewe... hebu rudia pale katikati, panapopanda." Binti akarudia, akijibana asicheke. "Na wimbo mwingine ukitoka, watavaa haya haya?"

"Wapi! Kila wimbo na nguo zake. Mpya unatoka Ijumaa."

"Masikini fundi wao! Huyo mtu halali."

Ndiyo maana alasiri hii binti alikuwa karakanani, daftari la michoro mapajani, akimsomea baba ukurasa wa koti la tatu na kumkosoa bila huruma: kola iwe ndefu zaidi, hapana, sivyo, hivi. Kola mpya ilipokaa vizuri, jua lilikuwa limeshatoka mezani.

"Yamebaki manne," binti alisema.

"Kesho tuanze na la yule mrefu, yule... nani vile?"

Fundi akalijaribu jina. Lilimtoka kichwa chini miguu juu. Binti akacheka mpaka daftari likamponyoka, akamtamkia upya, polepole, kama anayemfundisha mtoto kutembea, na baba akarudia nyuma yake huku akifunika cherehani.

Mwaka mzima alikuwa amekitafuta kicheko kile akiwa amesimama wima. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.