Tumba la Mwanate

Nyinyi mnaowaona wachuma asumini wakipita alasiri na kuchagua matumba tu, yale yaliyofumba, msidhani ilikuwa hivyo siku zote. Zamani asumini ilichumwa imeshachanua, na kabla bibi harusi hajatolewa nje, kikuba, kile kishada cha maua anachobandikwa kifuani, kilishageuka rangi ya chai. Watu hawakunyamaza. Midomo ya watu wa pwani mnaijua.

Aliyeumia zaidi ni Mwanate, mjane mtunga vikuba. Harusi mbili mfululizo zilimharibikia, na ya tatu ilikuwa ya binti yake mwenyewe, Zaitun. "Cha mwanangu kikinyauka, nahama mji," alimwambia kaka yake, Bunu, mfanyabiashara wa ubani. Bunu akamchukua hadi pwani ya Bahari ya Rumu, huko mbali kaskazini, kwenye jua tele na maua yanayoporomoka kutoka kutani hadi karibu na maji, akajifunze kwa wenyeji jinsi ya kutunza maua yasinyauke.

Siku waliyofika kulikuwa na sherehe. Magari ya farasi yalipita yamejaa maua, na waliopanda wakiwarushia wapita njia. Mzee mmoja mwenye masharubu akamlenga Mwanate shada la asumini, likamtua kifuani.

Mwanate akaganda. Kwao, mwanamume akikurushia asumini anakuposa. Ukimrudishia ua lililochanua, umekubali. Ukimrudishia tumba, bado unafikiri.

"Kaka, huyu ananiposa?"

"Sijui, dada."

"Mbele yako?"

Hajajibiwa, likaja shada la muuza samaki. Kisha la kijana asiye na ndevu. Kisha la bibi kizee!

"Bunu, mji mzima unaniposa! Hata ajuza huyu!"

"Basi wajibu, tusionekane hatuna adabu," alisema Bunu, naye kachanganyikiwa vilevile.

Mwanate akawa anachomoa matumba na kuwarudishia mmoja mmoja: bado nafikiri, nawe bado nafikiri. Wenyeji wakacheka, wakamrushia zaidi. Mzee wa masharubu peke yake ndiye ambaye Mwanate hakumrudishia kitu. Kwa nini, hata mwenyewe hakujua. Matumba ya shada lake aliyafunga kwenye pindo la mtandio, karibu na shingo.

Jua lilipotua, chumbani walikofikia, akalifungua pindo. Matumba yote yalikuwa yamechanua kwa joto la mwili wake, meupe pee, chumba kizima kikanukia. Mwanate akaduwaa. Siri ya kikuba ameipata. Lakini ua la mzee likijichanulia lenyewe shingoni, je, si jibu hilo?

"Twende kwetu," alimwambia Bunu. "Kabla hajaja kuuliza."

Zaitun alitolewa nje na kikuba cha matumba, yakafunguka kifuani pake mbele za watu, na midomo ikafumba.

Na tangu siku hiyo asumini huchumwa ingali imefumba, ikachanulie mwilini mwa mvaaji. Mwanate naye, kila alipotunga, alibakiza tumba moja, akalifunga pindoni. Akiulizwa ni la nani, alijibu kuwa bado anafikiri.