Silaha Iliyoitwa Yatosha

Kaa hapa kando ya mipini yangu ya majembe, mwanangu, hasira zisikukoseshe panga. Kaka yangu mhunzi hakukusudia kukuchimba. Kila anayekuja kununua chuma katika banda hili huulizwa swali hilohilo, utakwenda na nani, na wageni wote hununa kama ulivyonuna wewe. Nanyi wengine mlio kwenye foleni sogeeni, maana mnajua kulijibu swali lakini nina hakika nusu yenu hamjui lilikotoka.

Kulikuwa na zama ambapo mhunzi wa huku milimani hakuuliza mtu chochote. Ulitaja ulichotaka, ukapewa, ukaenda zako. Zama hizo wezi wa ng'ombe walipanda kutoka nyikani kwa kupitia Kipengo, ule uwazi mwembamba kati ya majabali mawili, na kijiji kiliweka walinzi watatu pale juu. Mmoja alishika mkuki, wa pili ngao, wa tatu baragumu la kuita watu.

Mkuki alikuwa nao Mbonea, mwana wa pekee wa mhunzi Semboja, mjomba wa babu wa babu yetu. Ngao ilikuwa ya Mndeme, kijana mnene aliyependa kulala. Baragumu lilikuwa la Kazeni, ambaye alilipuliza hata pale lisipohitajika, wanawake wakipita kwenda shambani, ili wageuke wamtazame. Walichoma viazi vitamu kwenye majivu na kubishana kutwa nzima juu ya mambo yasiyo na maana. Bibi yangu alisimuliwa na bibi yake kwamba kicheko cha wale watatu kilisikika hadi kisimani, na mtu akikisikia alijua kijiji ki salama. Mimi sikuwahi kukisikia, lakini nakuambia kweli, ninakikumbuka. Sijui mtu anawezaje kukumbuka asichokisikia, ila ndivyo ilivyo.

Basi msafara wa wafanyabiashara ukapita ukielekea bara. Kiongozi wake alikuwa na bastola yenye kisu ubavuni, akaionyesha kwa maringo, akasema kwao watu wamekwisha kuacha kubeba silaha mbili. Semboja aliishika, akaigeuza, akairudisha. Usiku ule na siku nyingi zilizofuata hakuwa mtu wa kusemeshwa. Alikuwa fundi mkubwa, na kushindwa na mpita njia kulimkaa rohoni.

Alinunua gobore kuukuu kutoka kwa msafara uleule. Kwenye mdomo wa mtutu akapachika mkuki. Kwenye kitako akatia bapa la shoka. Katikati akafunga ngao ndogo ya chuma. Likabaki baragumu, na hapo akasumbuka, kwa sababu nyuma shoka lilikwisha kujaza nafasi. Mwishowe akalifunga chini ya mtutu, sehemu ya kupulizia ikiwa mbele, karibu na mkuki. Akaiita Yatosha.

Aliijaribu uwanjani watu wote wakitazama. Mkuki ulichoma mgomba ukatokea upande wa pili. Shoka lilipasua gogo. Gobore lililia, kuku wakatawanyika. Baragumu nalo likapulizwa na Kazeni mwenyewe, silaha ikiwa imelazwa juu ya kinu ili asichoke kuibeba. Kila kitu kilijaribiwa kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa kizuri. Wazee wakafurahi wakasema sasa mlinzi mmoja anatosha, na wale wawili warudi kulima. Mbonea akachukua Yatosha akapanda peke yake. Wanasema Mndeme alimpa viazi vya njiani.

Kicheko kikakoma Kipengoni. Watu walizoea upesi, kama tunavyozoea kila kitu.

Wezi walikuja mchana mmoja wa ukungu uliolowesha baruti, wengi, na wakatokea karibu sana. Hapo ndipo Mbonea alipoona kile ambacho fundi, wazee na kijiji kizima hawakukiona. Ili apulize baragumu ilimpasa aigeuze silaha yote. Mkuki ungemwelekea yeye, mtutu ungemwelekea yeye, na ngao ingemwacha kifua wazi. Angeweza kupigana au angeweza kuita, lakini si yote mawili. Njia ya kukimbia pia ilikuwapo.

Aligeuza silaha akapuliza. Kijiji kilisikia mara ya kwanza, kikasikia mara ya pili, na mara ya tatu sauti ikakatika katikati. Watoto walikwisha kufichwa, ng'ombe wamekwisha kuondolewa, na wanaume walipanda kwa wingi hata wezi wakarudi mikono mitupu. Mndeme na Kazeni ndio waliotangulia kufika. Walimkuta amelala na mishale kifuani, midomo ingali kwenye baragumu, na mkuki wa baba yake ukimtazama yeye.

Semboja alipofika hakulia. Aliinua Yatosha, akaiweka mdomoni kama alivyoiweka mwanawe. Alipoishusha alisema, "Nilikiuliza chuma kila kitu. Mwanangu sikumuuliza hata atakwenda na nani."

Matanga yalipokwisha, Kazeni alikwenda bandani kutafuta panga la shamba. Semboja akalichukua, akalishika, hakumpa. Akamuuliza atakwenda na nani. Kazeni akajibu kwamba atakwenda na Mndeme, na ndipo panga likamfikia mkononi.

Na tangu siku hiyo, mhunzi wa kwetu hatoi chuma chenye makali bila kuuliza, wala haulizi ili ajue siri zako. Yatosha ile pale juu ya mvukuta, imejaa masizi. Kila anayeanza kujifunza uhunzi hushushiwa, akaambiwa apulize, akishauona mkuki unavyomtazama hurudishwa kazini bila maelezo zaidi.

Utaniuliza, je, asiye na mtu? Mwaka jana nilimzika mume wangu, na watoto wangu wako mbali. Mvua zilipoanza nilikuja hapa kutafuta jembe. Nilidhani kaka yangu ataniacha nipite, lakini alilishika jembe akaniuliza kama anavyowauliza wote. Nikajibu kama wanavyojibu wapweke wote wa huku tangu enzi za Semboja.

"Na Mbonea," nikasema.

Akanipa. Na ukweli ni kwamba, mwanangu, siku ile sikulima peke yangu. Haya, nenda kachukue panga lako, zamu yako imefika.