Bustani ya Kokoto ya Tulinagwe

"Kilichofukiwa si kilichokufa." Mmeisikia leo barazani, mkacheka, na sasa mnaniuliza ilitoka wapi. Nitawaambia, ingawa mnanikera. Mjane akinyang'anywa ua wake mchana kweupe, ninyi hutazama viatu vyenu. Ndiyo, hata wewe unayejifanya unakohoa. Methali hii ilizaliwa hivi.

Huku kwetu milimani, ambako sakitu hugandisha maji ndani ya ndoo, aliishi mjane aitwaye Tulinagwe. Mumewe alimwachia nyumba na bustani ndogo nyuma ya jiko. Desturi ya ukoo haikuwa na huruma: mjane hukaa kwenye ardhi ya marehemu maadamu ina mmea hai. Ikikutwa tupu, hufungasha, na ardhi humrudia shemeji.

Shemeji mwenyewe alikuwa Ambakisye, mkulima wa viazi, macho yake marefu kuliko shamba lake.

Tulinagwe hakupanda viazi. Alipanda maua ya mlimani aliyorithi kwa mama yake, yale yenye tunguu chini ya ardhi, mfano wa kitunguu. Alichanganya udongo na kokoto, akapanda, akafunika kwa kokoto tena, maana tunguu la mlimani likikaa kwenye maji huoza. Samadi hakutia.

"Mama, unapanda mawe?" majirani walimcheka. "Ukivuna, utuletee ya kujengea!"

"Nitawaletea, jengeni adabu kwanza."

Mvua ziliponyesha, maua yalichanua mekundu na manjano. Kipupwe kilipoingia, majani yakanyauka, sakitu ikayamaliza. Zikabaki kokoto tu, na Tulinagwe hakumwagilia hata tone. Ambakisye alijua viazi: majani yakikauka na usipochimba, umepoteza. Akaamini mjane amepoteza. Akawaita wazee wa ukoo.

Walikuja na makoti mazito. Kijiji kizima kikasimama nje ya wigo, kikitazama tu. Majina yao ninayo. Wajukuu wao mmo humu.

"Wazee wangu, mnaona jani?" Ambakisye aliuliza.

"Hatuoni," alisema Mzee Luvanda, mkubwa wa ukoo. "Mama, una neno?"

"Maua yangu yamelala, baba. Mvua zikirudi yataamka."

"Yamelala!" Ambakisye akapiga makofi. "Basi hata kaka yangu amelala. Tumngoje naye hadi mvua zirudi?"

Watu wakacheka. Walicheka, nawaambia! Tulinagwe hakulia.

"Shemeji, kama ardhi ni tupu, lima."

Ambakisye akanyakua jembe kwa pupa. Pigo la kwanza, kokoto zikaruka. La pili, yakafumuka matunguu manono, yamezaa watoto ubavuni, na kila moja limechomoza ncha ya kijani kama jino la kwanza la mtoto. Moja lilikuwa limekatwa katikati, utomvu ukichuruzika.

Mzee Luvanda akaliokota, akalinusa. Kicheko kikakatika.

"Ambakisye, hiki kitu ni kizima. Umetia jembe kwenye mmea hai wa mjane."

Na desturi ileile ilisema: aliyeng'oa mmea wa mwenzake ataurudisha kwa mikono mitupu, mbele za watu. Ambakisye akapiga magoti kwenye ule ubaridi, akifukua kokoto kwa kucha.

"Ncha juu, shemeji," Tulinagwe alimsimamia. "Ncha juu, nimesema! Hilo umelipanda kichwa chini."

Safari hii kijiji kilimcheka aliyestahili. Mvua zilipoanza, bustani ile iliwaka rangi hadi nje ya wigo. Wajane wengine wakaja kuomba watoto wa matunguu, wakapanda nyuma ya majiko yao, na hakuna shemeji aliyethubutu tena kuita wazee wakati wa kipupwe.

Haki ya mjane nayo, wanyang'anyi wa leo wameifukia, wakadhani wamemaliza. Hawajamaliza. Ila Tulinagwe alisimama peke yake, na hiyo ni aibu ambayo hatutairudia. Kijijini kwako yupo mwanamke ambaye ua wake unapimwa kwa kamba. Usiniombe hadithi nyingine. Vaa koti, nenda ukasimame ndani ya wigo wake, upande wake, leo hii, useme kwa sauti wakusikie: kilichofukiwa si kilichokufa!