Tuta la Tisa

Palikuwa na mtu aliyekabidhiwa kitalu cha miche ya kahawa, jina lake Aikaeli. Matuta yalikuwa tisa, na wafanyakazi tisa. Wanakijiji walikuwa wameshang'oa mikahawa yao iliyozeeka. Masika yakianza wangekuja kuchukua miche, na ambaye angeikosa angekaa na shamba tupu mwaka mzima.

Aikaeli hakuwa mvivu, tusimwonee. Alfajiri alikuwa wa kwanza getini, daftari la mahudhurio kwapani, na aliyechelewa alikiona cha mtema kuni. Kila Jumatatu aliwahamisha wafanyakazi wake, wa tuta hili akaenda lile, ili mtu asije akajisahau. Maoni yao hakuyauliza. Nao wakamwagilia kama walivyoagizwa, ndoo mbili kila mmoja, jicho likiwa kwenye saa.

Miche ikadumaa. Ila tuta la tisa, lile la nyuma ya stoo, lilistawi kijani kibichi, nalo likamkosesha raha. Kwa nini hili? Alichota udongo wake akaulinganisha na wa matuta mengine. Ulitoka shimo moja. Mbegu, gunia moja. Maji, bomba moja. Aling'oa hata mche mmoja akaugeuza mizizi juu, kana kwamba jibu limeandikwa huko. Mwisho akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alipindua ndoo akaikalia, akamtazama mfanyakazi wa tuta hilo akifanya kazi.

Alikuwa mama wa makamo, Ndeshimuni. Alitia kidole udongoni kabla ya kumwaga maji. Mche huu aliupa, ule akauruka, mwingine akausogezea kivuli cha majani ya mgomba. Aikaeli akamuuliza ni nani aliyemfundisha.

"Hakuna, mzee. Ulinisahau kwenye orodha ya kuhama, ndipo nikapata muda wa kuijua miche hii."

Aikaeli aliona aibu, aibu ya kweli, maana alikuwa amekuja na kalamu, tayari kumhamishia tuta lililo baya kuliko yote akaliokoe. Akairudisha mfukoni. Kesho yake aliwakusanya wote, akamwachia kila mtu tuta lake, na badala ya kuuliza nani kachelewa akauliza nani kaona nini. Siku ya tatu ndipo mmoja akasema tuta lake lina mchwa. Kumbe wote walijua, tangu mwezi uliopita.

Masika hayakumsubiri. Matuta sita yalikuwa tayari, matatu hayakuwa, na wenye mashamba waliofika mwisho walirudi mikono mitupu, wakinung'unika kwamba miche ya siku hizi ni dhaifu.

Nanyi walimu wakuu, siku mtakapobandika matokeo ukutani na kusema watoto wa mwaka huu ni wazito, je, mtakuwa mmeshawauliza walimu wenu wanachokijua?